Uchovu Usio Uvivu: Hesabu ya Nguvu kwa Walionusurika na Polio

Katika maradhi ya neva na misuli, yaani yale yanayoharibu njia ambayo amri ya kusogea hupitia kutoka uti wa mgongo hadi kwenye nyama ya kiungo, yamo mambo mawili ambayo mgonjwa, jamaa zake na wakati mwingine hata daktari wake huyachanganya, nayo ni udhaifu na uchovu. Udhaifu ni hali ya msuli kushindwa kutoa nguvu inayotakiwa tangu jaribio la kwanza, kama goti lisiloweza kubeba uzito wa mwili hata alfajiri baada ya usingizi mnono, ilhali uchovu ni hali ya msuli kuanza kazi vizuri kisha kuishiwa nguvu kabla kazi haijaisha, na kuchelewa mno kuzirudisha. Kuna tena uchovu wa namna ya pili, usiokaa katika kiungo kimoja bali katika mwili mzima pamoja na akili, ambao humvamia mtu alasiri akawa hana hamu ya kula wala ya kuzungumza, na ambao usingizi wa usiku mmoja hauuondoi. Mtu mmoja aweza kuwa na yote hayo kwa wakati mmoja, na kila moja lina namna yake ya kuishi nalo.

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kuueleza mwili usio na nguvu: uchovu, udhaifu, ulegevu, unyonge, unyong'onyevu. Lakini jirani na maneno hayo limekaa neno jingine, uvivu, na ukuta ulio kati yao ni mwembamba. Neno ajizi ni ushahidi mzuri wa jambo hilo, kwa sababu katika Kiarabu, lugha lilikotoka, maana yake ya asili ni kutoweza, hali ya mtu aliyezidiwa na jambo, lakini lilipopokewa na Waswahili liligeuka kuwa uzembe, na methali ikalifungia humo kabisa kwa kusema kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Asiyeweza akahesabiwa kuwa asiyetaka. Haya si mambo ya wanaisimu peke yao, kwa kuwa mwanamke wa Nyakabiga, mtaa wa jiji la Bujumbura nchini Burundi, aliyepooza mguu utotoni, ambaye akifika miaka 45 anaanza kutafuta mahali pa kuketi kabla hajaimaliza barabara ya nyumbani kwake, hukutana na hukumu hiyo ndani ya ukoo wake kabla hajakutana na daktari.

Mhadhara huu unawahusu watu wa namna hiyo, yaani walionusurika na ugonjwa wa polio, wakasimama, wakasoma, wakaoa au kuolewa, kisha baada ya miongo kadhaa wakaona nguvu zinaanza kuwatoka tena. Wataalamu huiita hali hiyo sindromu ya baada ya polio, na sindromu ni mkusanyiko wa dalili zinazotokea pamoja. Hoja ya mhadhara ni kwamba ushauri wa kujikaza, ambao ndio uliomsimamisha mtoto aliyepooza, ndio huo huo unaomwangusha akiwa mtu mzima, na kwamba mtu huyo analazimika kujifunza upya, katika umri ambao wenzake wanakula matunda ya jasho lao, jinsi ya kuzitumia nguvu zake kwa hesabu.

Ili jambo hilo lieleweke, ni lazima kwanza kueleza kilichotokea katika mwili wa mtoto. Virusi vya polio huingia kwa mdomo, kwa njia ya maji au mikono iliyochafuliwa na kinyesi, vikazaliana katika utumbo, na kwa walio wengi mambo huishia hapo bila hata homa ya kukumbukwa. Katika maambukizi 200 hivi, ni moja tu linaloleta kupooza kusikopona. Katika hilo moja, virusi huwa vimefika kwenye uti wa mgongo na kuua neva za mwendo, ambazo ni chembe hai zenye mkia mrefu unaotoka mgongoni hadi kwenye msuli, na kila moja hutoa matawi yanayoshika nyuzi nyingi za msuli na kuzipa amri, mfano wa mnyapara na vibarua wake. Neva ikifa, nyuzi zake hubaki yatima, hazina wa kuziamrisha, zikaanza kunyauka. Lakini katika miezi inayofuata neva jirani zilizopona huchipuza matawi mapya na kuwachukua yatima hao, hata neva moja ikawa inalea nyuzi mara kadhaa zaidi ya zile ilizoumbiwa. Hivyo ndivyo mtoto aliyelala bila kusogea huanza kuchezesha vidole, kisha goti, hatimaye akasimama kwa kushikilia ukuta, watu wakashukuru Mungu. Na anayempima msuli huo anaweza kuuona mzima kabisa, ilhali nusu ya neva zake zimekwisha kufa.

Deni la uokozi huo huja kudaiwa baadaye. Neva iliyobeba mzigo wa wenzake kwa miaka 30 huzeeka kabla ya wakati wake, ikaanza kuyaachia matawi ya mbali moja baada ya jingine, na nyuzi zilizookolewa zamani zikawa yatima kwa mara ya pili, safari hii bila jirani mwenye nafasi ya kuzichukua. Dalili ni udhaifu mpya katika mguu uliokuwa mbovu, au, jambo linaloshtua zaidi, katika ule uliodhaniwa kuwa mzima, pamoja na uchovu, maumivu ya misuli na ya viungo, na pengine kupumua kwa shida au kupaliwa wakati wa kumeza. Huanza baada ya utulivu usiopungua miaka 15, na mara nyingi miaka 30 au 40. Virusi havijarudi, na mtu huyo hawezi kumwambukiza mjukuu anayempakata. Jambo hilo linafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu jina la polio bado linatisha.

Hali hii si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1875, huko Paris, iliripotiwa habari ya kijana wa miaka 19, mtengenezaji wa ngozi, aliyepooza upande mmoja alipokuwa mchanga na ambaye sasa mkono wa upande mwingine, aliokuwa akiutegemea kwa kazi hiyo nzito, ulikuwa unadhoofika, na tabibu Jean-Martin Charcot akatoa fikra kwamba kuzidishiwa kazi kulichangia udhaifu huo. Fikra hiyo ilisahauliwa kwa karne nzima. Ilifufuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Marekani, ambako mlipuko mkubwa wa mwaka 1952 peke yake ulikuwa umewapata watu wapatao 58,000, na ambako waliopooza wakiwa watoto walianza kurudi hospitalini kwa wingi wakiwa watu wa makamo, kila mmoja akidhani kwamba ni yeye peke yake, na wengi wao wakiambiwa kwamba ni mawazo tu.

Hesabu ya miaka ndiyo inayoifanya habari hii ya Marekani kuwa habari ya Bujumbura. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba polio ni ugonjwa wa nchi tajiri, mpaka uchunguzi uliofanywa katika shule za Ghana katika miaka ya 1970, wa kuwahesabu watoto wanaochechemea, ulipoonyesha kwamba Afrika ilikuwa inapooza kimyakimya, bila magazeti wala zile mashine za kupumulia zilizoitwa mapafu ya chuma. Burundi ilikaa zaidi ya miongo mitatu bila polio kuonekana, hadi Machi 2023 ilipotangaza mlipuko wa virusi vya aina ya 2, vile vinavyotokana na chanjo yenyewe pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa, baada ya kugunduliwa kwa mtoto wa miaka minne katika wilaya ya afya ya Isale, na katika sampuli za maji machafu. Maana yake ni kwamba wengi wa waliopooza nchini humo walipooza kabla ya miaka ya 1990, na sasa wana umri wa miaka 40, 50 au 60. Wimbi lililowafikia Wamarekani katika miaka ya 1980 linawafikia Warundi sasa, wakati ambapo madaktari vijana wamesoma polio vitabuni kama ugonjwa uliokwisha.

Hapo panazuka kikwazo ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji. Kotekote katika Afrika ya Mashariki, na Burundi imo, watu wengi wanaochechemea hawasemi kwamba waliugua polio, bali husema kwamba walipigwa sindano. Mtoto alipata homa, akapelekwa zahanati, akadungwa sindano ya kwinini kwenye tako, na kesho yake mguu ukawa umelegea. Mzazi gani asingeilaumu sindano? Ukweli una pande mbili. Sindano iliyodungwa vibaya kweli inaweza kuiumiza neva kubwa inayopita kwenye tako, na madaktari wa Uganda wamewaandika watoto wengi waliopata ulemavu wa namna hiyo. Tena imethibitika kwamba sindano ya kwenye msuli, ikitolewa wakati virusi vya polio vimo mwilini, inaweza kuchochea kupooza kwa kiungo kilichodungwa. Lakini mara nyingi homa yenyewe ilikuwa ndiyo polio, na sindano ilikuta mambo yamekwisha kuanza. Kwa hiyo daktari anayemuuliza mgonjwa wa miaka 50 kama aliwahi kuugua polio atajibiwa hapana, kwa moyo mweupe kabisa, na njia ya kuutambua ugonjwa itafungwa palepale. Swali lenye manufaa ni jingine: mguu ulilegea lini, ulianza na homa au bila homa, ulipoteza hisia ya kuguswa au la? Polio huua mwendo na kuacha hisia, ilhali neva ya tako iliyojeruhiwa kwa kawaida hupoteza vyote viwili.

Hata hapo haifai kukimbilia jina. Sindromu ya baada ya polio hutambuliwa kwa kuondoa kwanza mengine yote, na katika mji wenye malaria orodha ya mengine ni ndefu: upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, Virusi vya Ukimwi, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huzuni iliyokomaa kuwa ugonjwa. Mtu mwenye mguu wa polio haruhusiwi kufa kwa upungufu wa damu eti kwa sababu uchovu wake umekwisha kupewa jina zuri.

Hakuna dawa inayozirudisha neva zilizochoka. Kilichobaki ni matumizi, na matumizi huonekana vizuri zaidi jikoni kuliko kliniki. Siku ya kawaida ya mwanamke mwenye hali hii katika nyumba ya Nyakabiga, mtaa wa barabara zenye namba unaopakana na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, huanza na maji. Bomba likiwa limekauka usiku, maji hubebwa kwa bidoni la manjano la lita 20, ambalo likijaa lina uzito wa kilo 20, na yeye analibeba kwa mkono mmoja kwa kuwa mkono wa pili una kazi nyingine: kila anapokanyaga kwa mguu mbovu, kiganja hutua juu ya paja na kulisukuma nyuma ili goti lijifunge lisikunjike. Mwendo huo wa kushika paja unajulikana na kila aliyekulia Bujumbura, na ukiangaliwa kwa makini unaonyesha akili kubwa ya mwili, kwa sababu mkono umeajiriwa kufanya kazi ya msuli wa mbele wa paja uliokufa. Lakini gharama yake haionekani: hatua 500 kwenda na kurudi ni mara 250 za kuinama na kusukuma, na mgongo ndio unaolipa. Baada ya maji ni kufagia ua kwa ufagio mfupi, kisha kuwasha makaa, kisha sokoni Jabe kwa miguu, na kufika saa tano imebaki sombe, majani ya muhogo yasiyokubali kuliwa mpaka yatwangwe kwenye kinu kwa muda mrefu, kwa kusimama. Mtu huyo akianguka kitandani saa nane mchana, asiweze kumjibu mtoto anayetoka shule, hakuna fumbo la kitabibu la kutegua. Ametumia mshahara wa siku tatu kabla ya adhuhuri.

Hesabu ya nguvu ni kuipanga upya siku hiyo hiyo kabla kitabu hakijafungwa. Sombe iliyokwisha twangwa huuzwa sokoni, na fedha inayozidi hapo si anasa, ni bei ya mguu. Bidoni la lita 20 linaweza kuwa mabidoni manne ya lita tano yanayoletwa na watoto, au maji yakaletwa na kijana wa mkokoteni anayelipwa kwa wiki. Kuchambua maharage na kumenya ndizi ni kazi zinazofanyika kwa kuketi, lakini kuketi huko kuwe juu ya kiti chenye kimo, si kwenye kibao kifupi cha jikoni, kwa sababu kuinuka kutoka chini kunaigharimu misuli ya paja kuliko kazi yenyewe iliyofanywa hapo. Kazi nzito mbili haziwekwi siku moja. Na pumziko, ambalo ndilo gumu zaidi kueleweka, huchukuliwa kabla ya kuchoka, dakika 15 au 20 za kulala chali kati ya kazi na kazi, kwa maana msuli wa namna hii ukisubiri uishiwe kabisa huchukua siku nzima au mbili kurudi, ilhali ukipumzishwa ukiwa bado na akiba hurudi ndani ya saa. Mtu aliyelelewa kwa kujikaza huliona pumziko la kabla ya uchovu kama wizi. Hapo ndipo penye kazi ya kweli ya elimu, na si katika kuchora ratiba.

Kipimo cha matumizi ni rahisi na hakihitaji mashine: ni asubuhi ya kesho. Kazi au mazoezi yaliyoacha maumivu ya misuli, mitetemo midogo ya nyama chini ya ngozi au udhaifu unaodumu mpaka siku ya pili yalikuwa mengi kupita kiasi, hata kama wakati wa kuyafanya yalionekana mepesi. Kuandika katika daftari kwa wiki mbili, kilichofanywa upande huu na kilichofuata upande ule, humfundisha mgonjwa mambo ambayo daktari hawezi kuyajua, na mara nyingi mkosaji hupatikana mahali pasipotarajiwa, kama vile kusimama kanisani au kwenye msiba, ambako hakuna aliyedhani kwamba kusimama tu ni kazi.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba tiba ni kulala. Msuli usiotumika hunyauka, na mwili unaonenepa kwa kuketi huongeza mzigo juu ya neva zile zile chache. Mazoezi mepesi, yasiyofika kwenye uchovu, ya muda mfupi na yenye mapumziko katikati, yanajulikana kusaidia misuli iliyobaki na nguvu kidogo, wakati misuli iliyokwisha kudhoofika sana huachwa ipumzike. Mazoezi ya ndani ya maji husifiwa popote duniani kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili, na Bujumbura imekaa kando ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600. Lakini Tanganyika ina viboko na mamba, na anayemshauri mtu asiyeweza kukimbia akaogelee hapo inafaa atangulie mwenyewe.

Mabega yanastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ndiyo yanayogeuzwa miguu. Mtu aliyetembelea magongo kwa miaka 40, au anayeendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono, kama wale wafanyabiashara wanaovusha mizigo kati ya Goma na Gisenyi, humaliza kano za bega na kubana neva ya kifundo cha mkono, na akipoteza mkono amepoteza mguu wa pili. Hapo mambo ya mji huingia mwilini. Mamlaka za Burundi zilipopiga marufuku baiskeli, pikipiki na tuktuk katika sehemu kubwa ya katikati ya Bujumbura mwezi Machi 2022, zilizungumza habari ya ajali na usalama barabarani, lakini kwa mwenye mguu dhaifu safari ndogo ya kutoka mlangoni hadi mlangoni iligeuka kuwa mwendo wa miguu hadi kituo cha basi. Na uhaba wa mafuta uliofuata katika miaka hiyo ukaigeuza foleni ya basi kuwa saa mbili au tatu za kusimama juani, katika joto ambalo nalo huongeza uchovu.

Kuna dalili ambazo hazingojei daftari. Misuli ya kupumua nayo ina neva zake, na kwa aliyepooza vibaya utotoni, au aliyepinda mgongo, inaweza kulegea polepole bila yeye kuhisi kuhema, kwa sababu hatembei kwa kasi ya kumfanya aheme. Udhaifu huo hujifichua usiku: kuamka na maumivu ya kichwa asubuhi, kusinzia mchana katikati ya mazungumzo, kushindwa kulala chali, ndoto mbaya za kukabwa. Mtu wa namna hiyo, akipelekwa kupasuliwa, ni wajibu amwambie anayetoa dawa ya usingizi kwamba aliwahi kupooza, kwa sababu mwili wake unaweza kuwa mwepesi mno wa kuipokea dawa hiyo na mzito wa kuamka.

Inafaa hapa kuutaja kwa ulinganisho ugonjwa mwingine, miastenia gravis, ambao ni nadra zaidi lakini hueleza uchovu wa misuli kwa uwazi usio na mfano. Katika miastenia neva ni nzima na msuli ni mzima. Kilichoharibika ni mlango kati yao. Neva huzungumza na msuli kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hupokelewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli, na katika ugonjwa huu kinga ya mwili hukosea na kuvishambulia vipokezi hivyo, hata ujumbe wa kwanza ukafika, wa kumi ukafika nusu, na wa hamsini usifike. Mgonjwa akiambiwa atazame dari bila kushusha macho, kope zake huanza kushuka taratibu ndani ya dakika moja au mbili, moja mara nyingi ikitangulia nyingine, na akifumba macho kidogo akapumzika, hupanda tena. Asubuhi anatafuna vizuri, jioni taya linamchoka katikati ya mlo, na sauti huingia puani kadiri anavyozungumza. Mwaka 1934 daktari Mary Walker wa hospitali ya St Alfege, Greenwich, Uingereza, alitambua kwamba hali hiyo inafanana na sumu ya mishale iitwayo kurare, akajaribu dawa ya kuiondoa sumu hiyo, fizostigmini, na mgonjwa akapata nguvu kwa saa chache. Dawa hiyo ilitokana na maharage ya Calabar, huko Nigeria, ambayo wenyeji waliyatumia katika kiapo cha kumjaribu mtuhumiwa wa uchawi. Si mara nyingi kiapo huhamia kwenye kabati la famasi. Jamaa wa leo wa fizostigmini, yaani piridostigmini, hufanya kazi kwa saa tatu hadi sita, kwa hiyo humezwa nusu saa hivi kabla ya chakula ili taya na koo viwe na nguvu wakati wa kula, na Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi au wa Nyakabiga anayeitumia hawezi kuingia Ramadhani bila kwanza kuzungumza na daktari wake.

Jambo zito zaidi kuhusu miastenia katika nchi ya malaria ni kwamba kwinini, pamoja na klorokwini na baadhi ya viuavijasumu kama jentamaisini na siprofloksasini, huweza kuufunga kabisa mlango uliokwisha kuwa mwembamba, mgonjwa akashindwa kupumua. Homa yenyewe huuzidisha ugonjwa, na dawa iliyokuja kuondoa homa ikaumalizia. Zipo dawa za malaria za jamii ya atemisinini ambazo mganga anaweza kuzichagua badala yake, lakini atazichagua tu akiwa amejua, na anayeletwa na homa kali saa nane za usiku huwa hana sauti ya kueleza. Kadi ndogo iliyoandikwa jina la ugonjwa na majina ya dawa zinazomdhuru, ikakaa pamoja na kitambulisho, ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Piridostigmini imejaribiwa pia kwa walionusurika na polio, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa matumaini kwamba ingepunguza uchovu wao, na haikuonyesha faida. Uchovu unaofanana kwa macho hautoki mahali pamoja.

Vifaa vya kuutegemeza mguu vina historia ndefu katika eneo hili. Daktari wa mifupa Ronald Huckstep, aliyefanya kazi Mulago na Makerere katika miaka ya 1960, alijulikana kwa kutengenezesha vyuma vya miguu kwa vitu vya bei nafuu vinavyopatikana papo hapo, na Burundi ina kituo cha taifa cha vifaa vya viungo na mazoezi ya tiba mjini Gitega, pamoja na Taasisi ya Mtakatifu Kizito ya Bujumbura inayowahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Tatizo la mtu wa miaka 50 mara nyingi si kukosa chuma bali kukikubali. Alikivua akiwa na miaka 12 au 15, wakati mwingine siku aliyokataa kuchekwa shuleni, na familia ikaihesabu siku hiyo kuwa ya ushindi; sasa anaambiwa akirudie, na masikioni mwake maneno hayo yanasikika kama hukumu ya rufaa iliyomgeukia. Anayempa ushauri huo afadhali asimwambie kwamba ni kitu kidogo. Amweleze badala yake kwamba chuma kinachozuia goti kukunjika kinaurudishia mkono uhuru wake, na kwamba mgongo utaacha kulipa.

Sheria ya Burundi ya tarehe 10 Januari 2018 ilikuja kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu, lakini ulemavu unaobadilika kati ya asubuhi na jioni hauingii kwa urahisi katika fomu, wala katika macho ya bosi anayemwona mfanyakazi huyo huyo akitembea vizuri saa mbili na akikokota mguu saa tisa. Mwalimu wa shule ya msingi aliyepooza mguu utotoni ni mfano wa kutosha. Anaweza kufundisha siku nzima akiwa ameketi, kwa sauti nzima na kichwa kilicho macho, huku mwanafunzi mmoja akimwandikia ubaoni. Akisimama, anafundisha hadi saa nne, na yaliyobaki anayasema kwa kuegemea ukuta. Kiti anacho tayari, nyuma ya meza, na kwa miaka 20 amekuwa akiogopa kukikalia, kwa sababu mkaguzi akipita dirishani atamkuta ameketi.